Bibi alipouliza kama tumeshaingia barabara ya Bagamoyo

Saa nane mchana, jua kali, foleni imetushika darajani Selander. Mimi na bibi yangu tumekaa siti ya nyuma ya dereva kwenye daladala ya Posta–Makumbusho, yeye dirishani mimi pembeni, kaikumbatia bahasha ya kliniki ya macho kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Tumetoka kumpima. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limeshakomaa, la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kutoka ndani ya chandarua. Gari haisogei, abiria kila mmoja na simu yake, ndo bibi akamgeukia konda pale mlangoni akamuuliza kwa ile sauti yake ya chini:

"Mwanangu, tumeshaingia barabara ya Bagamoyo?"

Konda kijana mdogo tu, na mstaarabu. "Hapana bibi yangu, hapa Ali Hassan Mwinyi. Bagamoyo bado, mpaka Morocco huko mbele."

Bibi akasema haya, ahsante. Akarudisha uso dirishani, dirisha ambalo nje yake haoni kitu cha maana, na hakusema neno tena mpaka tunashuka Makumbusho kutafuta gari ya nyumbani.

Mimi nilikuwa palepale. Sikusema kitu.

Wiki saba zimepita na lile "hapana" bado nalisikia.

Jina linaliwa kuanzia mjini

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, nimezaliwa Magomeni ya huku kwetu, sio ile ya Dar, na nimekua nikijua kuna barabara moja inaanzia mjini Posta inakuja mpaka kwetu na jina lake ni jina letu. Ni kitu ambacho hukifikirii, kama usivyofikiria jina la baba yako.

Usiku ule bibi alipolala nikafungua ramani kwenye simu nikaanza kuivuta kwa kidole kutoka Posta. Kipande cha kwanza Ali Hassan Mwinyi. Ukifika Morocco njia zinagawana, ile ya zamani inayopita Mikocheni na Kawe, ambayo watu wazima wote bado wanaiita Bagamoyo ya zamani, kwenye ramani ni Mwai Kibaki. Iliyobaki na jina ni ile mpya tu, kuanzia hapo Morocco kwenda Mwenge, Lugalo, Tegeta, Bunju, mpaka uvuke mto Mpiji uingie mkoa wa Pwani. Yaani jina letu limeliwa kuanzia mjini kuja huku, kipande kwa kipande, kama panya anavyoanza na pembe ya mkate.

Nilikasirika, sitaficha. Nikaanza kuandika waraka mkali sana usiku ule.

Halafu nikakwama.

Nikakwama kwa sababu nilifika kwenye jina la Mwinyi mwenyewe, rais wetu wa pili, na nikakumbuka ile tarehe 29 Februari 2024 taarifa ya msiba ilipotangazwa, bibi alivyokaa barazani na kanga kichwani kama kafiwa na kaka yake. Bibi ni mtu aliyepanga foleni ya sabuni na sukari. Kwake yeye Mzee Ruksa sio jina la utani la kwenye magazeti, ni ule mwaka ambao duka la jirani lilikuwa na khanga mpya na mafuta ya kupikia kwa wakati mmoja. Sasa mimi ningesimama wapi niseme jina lake litolewe barabarani? Na ningemwambia nini bibi?

Waraka ule nikaufuta.

Majina ambayo nilifurahi yalipobadilika

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba nikianza kuwa mkweli, kwenye barabara hiihii kuna majina yaliyobadilishwa na mimi naona fahari.

Chukua Lugalo. Daladala zote zinapita pale, watu wanashuka wanakwenda hospitali ya jeshi, hakuna anayefikiria. Ile kambi enzi za Mwingereza iliitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia ambako askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, kutoka Tanganyika walipigana na Waitalia mwaka 1941. Ni kwenye kambi hiyo, bado ikiitwa Colito, maasi ya jeshi yalianza Januari 1964. Baadae ikapewa jina la Lugalo, kule Uheheni, ambako Agosti 1891 Mkwawa na watu wake walivizia kikosi cha Wajerumani wakakimaliza na kamanda wake Zelewski akafa palepale. Na huyo Zelewski, watu wa pwani tunamjua kwa jingine, ndiye yule wakala wa kampuni ya Wajerumani aliyewavuruga watu wa Pangani mwaka 1888 mpaka vita ya Abushiri ikaanza, vita iliyofika mpaka hapa Bagamoyo. Kwa hiyo mtu aliyeanza ubabe wake kwenye pwani yetu, mahali alipoangukia pakawa jina la kituo cha daladala kwenye barabara inayokuja kwetu. Mimi nikilijua hilo kila nikisikia konda anaita "Lugalo wapo?" moyo unanipa kitu.

Sasa kama Colito kuwa Lugalo ni sawa, kwa nini Bagamoyo kuwa Mwinyi isiwe sawa?

Na Selander pale tulipokwama, ni jina la mkuu wa idara ya ujenzi enzi za Waingereza. Daraja jipya la baharini lilipofunguliwa mwaka 2022, zaidi ya kilometa moja juu ya maji, likapewa jina la Tanzanite, jina letu, jiwe letu. Lakini la zamani watu wanaendelea kusema Selander na wengi hata hawajui kama ni mtu, wanadhani ni neno tu la Kiswahili cha Dar. Tena kuna yale majina ambayo hayakuwekwa na ofisi yoyote. Tangi Bovu. Mbuyuni. Africana. Hayo yamewekwa na midomo ya watu na makonda, na ndo hayo usipoyajua utapitishwa kituo.

Nilizunguka na mambo haya wiki mbili nzima. Niko kazini nayawaza, niko sokoni nayawaza. Sikupata jibu lililokaa.

Sisi wenyewe tunaiitaje

Siku moja jamaa mmoja mgeni, anaendesha pikipiki ya mizigo, kanisimamisha pale karibu na Boma kauliza njia ya kurudi mjini Dar. Nikamwambia bila kufikiria, "shika hii inyooshe, utatokea barabara ya Dar."

Barabara ya Dar!

Kaondoka mie nimebaki nimesimama. Miaka yote hii sijawahi kumsikia mtu wa Bagamoyo akiwa Bagamoyo anasema "barabara ya Bagamoyo". Sisi tunasema barabara ya Dar, au "barabarani", basi. Jina lile ninalolilia sio sisi tuliolitoa. Limetolewa na watu waliosimama Dar wakitazama huku. Barabara huitwa kwa kule inakokwenda, na anayeiita hivyo ni yule anayeondoka.

Nikajiuliza basi sisi wa huku, zamani, tulikuwa tunaangalia wapi.

Tulikuwa tunaangalia bara. Dar kipindi hicho ni Mzizima, kijiji cha wavuvi, Sultan Majid ameanza kujenga jenga kwenye miaka ya 1860. Njia kubwa ilikuwa inaanzia Bagamoyo inapandisha kwenda Unyanyembe, Tabora ya leo, mpaka Ujiji ziwani, zaidi ya kilometa elfu moja kwa miguu, miezi na miezi. Wapagazi wengi wao Wanyamwezi, mtu mmoja mzigo wa kilo 30 hivi begani, kushuka na pembe za ndovu, kupanda na vitambaa na shanga na waya. Na wengine hawakubeba kwa hiari, walishuka na minyororo. Ndo maana hata jina la mji watu wanalifasiri njia mbili, mmoja anakwambia bwaga moyo umefika pumzika, mwingine anakwambia bwaga moyo wako hapa maana ukipanda jahazi hurudi. Mimi nimesikia zote mbili tangu mtoto na kwa kweli sijawahi kutaka kuchagua.

Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam. Mwaka 1905 wakaanza reli kutokea huko Dar, na mwaka 1914 ikagota Kigoma. Basi. Mzigo uliokuwa unatembea miezi ukawa unapanda behewa, na behewa halikuwa linakuja kwetu. Njia ile ya wapagazi ikafa, na mji uliokuwa mlango ukawa mwisho wa kibarabara kinachotoka Dar.

Kwa hiyo nimetumia wiki mbili na zaidi nikililia jina ambalo lenyewe limekuja baada ya kushindwa kwetu.

Na njia ile kubwa yenyewe ya wapagazi imekumbukwa kwa jina la nani? Nenda pale misheni, kanisa la kwanza la wale mapadri waliofika 1868. Mnara wake unaitwa Mnara wa Livingstone. Livingstone aliletwa pale akiwa maiti, Februari 1874, akalazwa usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja. Kafa kwenye nchi inayoitwa Zambia leo, Mei 1873, na waliombeba ni watumishi wake, kina Chuma na Susi na wenzao, miezi tisa, njia nzima, wakati wangeweza kumzika kulekule wakarudi makwao mikono mitupu na hakuna ambaye angewalaumu. Mnara haujaitwa Mnara wa Chuma na Susi. Hilo linaniuma mimi kuliko Mwinyi na Kibaki wakijumlishwa, na sikuwa nimeligundua mpaka nilipoanza kuhangaika na swali la bibi.

Makofia

Kuna kitu kingine lazima nikiseme maana nisipokisema nitakuwa nimedanganya kwa kunyamaza. Utoto wangu basi likifika Bagamoyo lilikuwa limefika. Linageuza linarudi lilikotoka. Ukitaka kwenda Tanga au Moshi kwa lami unarudi kwanza Dar, unazunguka Chalinze. Sa hivi kuna lami kutoka Makofia hadi Msata, kilometa 64, inavuka Ruvu na kwenda kukutana na barabara kuu ya kaskazini. Mabasi mengine ya kaskazini yanapita hapo. Njia imefunguka tena kuelekea bara baada ya miaka mia na zaidi, na hakuna aliyepiga ngoma, tuliamka tu siku moja tukaona mabasi makubwa.

Nilitegemea nitafurahi zaidi. Nimefurahi, ila mabasi yale yanakata Makofia yanapita zake, mji yanauacha upande wa bahari na majengo yake ya mawe, na dereva hana sababu ya kuingia. Kwao sisi ni kona. Wauza vinywaji pale njia panda wamepata riziki na hilo ni jambo kubwa, nisilidharau. Lakini kuwa kona sio kuwa mlango.

Nilipomuuliza mwenyewe

Ijumaa moja baada ya sala nikaenda kwa bibi, Dunda. Kakaa barazani anachambua mchicha kwa vidole, haangalii, vidole vinajua. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mume wangu, karibu." Nikakaa. Nikamwambia lile swali lake la siku ile kwenye daladala limenikosesha usingizi, na nikaanza kumwaga yote, Mwinyi, Kibaki, Colito, Wajerumani, nikaongea kama dakika kumi.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kasema, "Mimi sikuuliza jina."

"Uliuliza kama tumeingia barabara ya Bagamoyo."

"Niliuliza kama tumeshaishika njia ya nyumbani."

Ndo akanieleza. Miaka miwili sasa vibao vya barabarani haoni. Njia hii anaijua kwa pua na kwa mwili. Ukitoka mjini ukapata harufu ya tope la mikoko, ile ya bahari ikiwa imekupwa, basi upo Selander na umeishika njia. Ukisikia vumbi la saruji kooni hapo Wazo, Tegeta. Gari likiteremka halafu likapanda na masikio yakawa mepesi na makelele yamepungua, Mpiji hiyo, ushatoka Dar. Anajua tangu ni vumbi na matope, kipindi ambacho masika ikichachamaa mnashuka wanaume wanasukuma gari na wanawake wanavuka na watoto mgongoni. Anajua hata kabla Wajapani hawajasaidia kuipanua Mwenge hadi Tegeta, hata kabla ya ile Desemba 2015 hela ya sherehe za Uhuru, bilioni 4, ilivyoenda kupanua kile kipande cha Morocco hadi Mwenge. Kila walipoitanua ilibidi aijifunze upya, sasa hivi tena kuna kazi za njia ya mwendokasi, gari linahamishwa huku linarudishwa kule, kona zimebadilika.

"Siku ile," akasema, "ile harufu niliipata. Nikajua hapa ndo Selander, tumeishika. Nikamuuliza yule mtoto nijihakikishie tu. Akaniambia hapana."

Akatupa kijiti cha mchicha.

"Nikasema basi. Macho yamekwenda, sasa na kichwa nacho kimeanza."

Sikuweza kuongea. Nilikaa na hilo pale barazani na ng'ambo ya uzio watoto wanacheza mpira. Mimi wiki zote nilidhani kilichoumia pale darajani ni historia ya mji wangu. Kumbe aliyeumia kakaa pembeni yangu, bega kwa bega, na alichokuwa anahitaji ni mtu mmoja tu amwambie, uko sahihi bibi, ni ileile, wamebadilisha jina. Maneno saba. Nilikuwa nayo mdomoni, nikayaacha kwa sababu nilikuwa namkasirikia konda ambaye hakukosea chochote, kibao kimeandikwa hivyo.

Nikamwambia siku ile barazani. "Bibi, ulikuwa sahihi. Ilikuwa Selander. Ilikuwa ndo yenyewe."

"Ndo yenyewe?"

"Ndo yenyewe."

Kauliza mara mbili tena kabla hajaendelea na mchicha.

Tangu siku hiyo nikisikia watu wanabishana jina la mtaa libadilishwe lisibadilishwe, namuwaza mtu mmoja mzee ambaye ile njia iko kichwani kwake yote, kona kwa kona, na siku moja anaambiwa haipo. Sisemi majina yasibadilishwe. Colito iendelee kuwa Lugalo. Ila hakuna anayekwenda kumwambia yule mzee, tangazo linatoka, kibao kinachimbiwa, na yeye anakuja kujulia kwenye daladala mbele za watu.

Jumanne iliyopita

Jicho la kulia limefanyiwa, alhamdulillahi, na Jumanne tumekwenda kuangaliwa linaendeleaje. Daktari kafurahi. Tukapanda tena gari ya Makumbusho, siti ileile kwa bahati, na bibi dirishani na miwani yake nyeusi waliyompa.

Bibi alisoma kwenye kisomo miaka ya 1970, madarasa yale ya jioni ya watu wazima, kwa hiyo anasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, hajui kusoma kimoyomoyo. Gari limeanza kutembea tu akaanza. Anasoma mabango ya simu, anasoma maduka ya dawa, anasoma majina ya mabasi. Kabla hatujafika darajani akakiona kibao.

"A-li Ha-ssan Mwi-nyi." Akakaa kidogo. "Mwenyezi Mungu amrehemu."

Morocco pale njia zinapogawana nikamuonyesha kingine. Hiki kilimpa tabu kidogo, gari lilikuwa linakwenda. "Mwa-i Ki-ba-ki. Yule wa Kenya? Naye si ameshakufa?"

"Ameshakufa bibi, mwaka 2022."

"Mungu amrehemu na yeye."

Mama mmoja siti ya mbele akaitikia amin bila kugeuka.

Makumbusho tukabadilisha gari. Akasoma Mwenge, akasoma Lugalo, akasoma Tegeta, Boko akasoma kibao cha fundi viti mpaka namba ya simu yote. Bunju sauti ikaanza kupungua. Gari likateremka Mpiji, likapanda, na nilipogeuka kumwangalia kavua miwani kaiweka mapajani, kafumba macho, kalala.